Kompyuta haioni mchezo mzima wa sataranji

Wengi wanaogopa kucheza sataranji, au chesi, na kompyuta kwa kuamini kwamba imeshahesabu mchezo wote hadi mwisho. Si kweli hata kidogo. Mwenye kete nyeupe ana njia 20 za kuanza. Mwenye nyeusi akijibu, ubao unaweza kukaa kwa namna 400, na hapo kila mmoja kasogeza kete mara moja tu! Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York mwaka 1997, ilipima hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde, na bado ililazimika kukadiria. Majibu kamili yamepatikana pale tu zinapobaki kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo.

Kwa hiyo usiikimbie. Lichess, tovuti ya sataranji ambayo ni bure, ina ngazi 1 hadi 8. Anza na 1: hapo programu imepunguzwa nguvu makusudi, na utaiona ikimwacha malkia wake aliwe na farasi. Bofya kete, vitone vitakuonyesha inakoweza kwenda. Ukikosea, rudisha hatua. Nawasihi wanaoanza wacheze bila saa, wapate muda wa kutazama kila kete ya mpinzani inatishia nini.