Roland JV-1080: yanayosemwa na ukweli wake

Hii sintesaiza ya raki (ala ya umeme ya kutengeneza sauti, isiyo na kibodi, inayofungwa kwenye fremu) ilitoka 1994 na mpaka leo watu wanabishana kuihusu, wengine wanaitukuza kupita kiasi, wengine wanaiponda, na ubishi mwingi unaanzia kwenye ile namba 64.

Eti voisi 64 (idadi ya sauti inazoweza kutoa kwa wakati mmoja) maana yake unapiga noti 64 kwa mpigo. Wapi! Saundi moja humo ndani inaweza kuundwa na toni hadi nne na kila toni inakula voisi yake, kwa hiyo ukitumia saundi nene ya toni nne umebakiwa na noti 16 tu, sasa kanyaga pedali ya sasteni, weka pedi yenye mkia mrefu, halafu ngoma na besi ziingie kwenye chaneli nyingine, noti zitaanza kukatika zenyewe. Dawa ipo, unaweza kuitengea kila pati (kila ala ndani ya wimbo) voisi zake, ila wengi hata hawajui hiyo sehemu ipo.

Lingine: "saundi peke yake inalia tamu, ndani ya wimbo inapoa, basi mashine mbovu." Hapa udhaifu upo kweli, ila si ubovu. Mashine ina korasi, riveb na efekti kuu moja tu unayoichagua kati ya aina 40. Ukipiga saundi moja inaimiliki efekti yote, ukiendesha pati 16 zinagombania hiyohiyo moja, ndo maana ogani iliyokuwa inazunguka vizuri ghafla inasikika kavu. JV-2080, mrithi wake wa 1997, ikaja na efekti kuu tatu. Kwa 1080 rekodi traki moja moja, au tumia zile autiputi sita upeleke saundi kwenye efekti za nje.

Kwamba haina kibodi basi sauti yake ni hafifu? Hapana, injini ni ileile ya XP-80, sintesaiza nyingine ya Roland yenye kibodi.

Na wanaosema ni rekodi tupu za ala, huwezi kuchonga kitu, si kweli, ina filta yenye rezonansi (ya kukata na kunoa sauti), LFO mbili (za kuitikisa sauti taratibu) kwa kila toni, hata ring modulesheni (kuzidisha sauti mbili mpaka zilie kama chuma). Kinachokatisha tamaa ni kuchonga kwa kiskrini cha mistari miwili, hapo mimi ningetumia programu ya kompyuta tu. Piano lake ndo usilitegemee sana maana sampuli (rekodi za ala) zote za ndani zimebanwa kwenye megabaiti 8, lakini pedi na nyuzi bado zinakaa vizuri mno kwenye miksi, na kuna nafasi nne za kuongeza kadi za SR-JV80, yaani kadi za Roland zenye saundi za ziada.

Halafu eti dijitali haizeeki. Saundi ulizotengeneza mwenyewe zinashikiliwa na betri ndogo, ikifa zinapotea zote, za kiwandani tu ndo zinabaki. Kwa hiyo kabla ya kufungua kifuniko kubadilisha betri, zitume kwanza kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI (unaounganisha ala na kompyuta).