Si kweli kwamba baridi ya kipupwe huua mboga Dodoma

Kila ifikapo Juni, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: usipande mboga sasa, baridi itaua mbegu, subiri mvua za Desemba.

Sivyo. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na hali hiyo kabichi, sukuma wiki, karoti na vitunguu huipenda. Joto la Oktoba na Novemba ndilo huzitesa. Wakati wa kipupwe, kinachokosekana ni maji, tena upepo hukausha udongo haraka. Mwagilia asubuhi, tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina.

Mkanganyiko una chanzo chake. Bamia kweli hudumaa kwenye baridi, na mtama na alizeti hufuata mvua, basi watu huziweka mboga zote kapu moja.

Jaribu mwenyewe: ndoo mbili kuukuu, udongo mmoja, sukuma wiki huku, bamia kule. Sukuma wiki huchipua ndani ya wiki moja hivi, bamia itajivuta. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyeuleta picha ya ndoo zako.