Macho ya manjano si lazima yawe ini

Nimechoka kuisikia: "Macho yake ni ya manjano, ini limeharibika." Kijana wa mwisho kuletwa maabara kwetu na hukumu hiyo alikuwa ameshakatazwa hata mafuta, na ini lake lilikuwa zima. Zilizokuwa zinavunjika ni chembe zake nyekundu za damu.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikichakaa, wengu huziondoa, chuma chake hurudi kwenye uboho kutumika tena, na mabaki ya hemoglobini (protini nyekundu inayobeba oksijeni) hugeuka bilirubini, ambayo ndiyo hiyo manjano. Kazi ya ini ni kuipokea, kuitengeneza iweze kuyeyuka kwenye maji, kisha kuitoa kwa njia ya nyongo. Chembe zikivunjika kwa kasi kupita uwezo huo, macho yanageuka rangi na ini halina kosa lolote.

Mkojo ndio unaochanganya watu kuliko kitu kingine. Bilirubini ambayo haijashughulikiwa na ini haiyeyuki kwenye maji. Husafiri imeshikwa na albumini, protini ya damu, na figo haziichuji. Kwa hiyo macho yanaweza kuwa ya manjano huku kijiti cha kupimia mkojo hakionyeshi bilirubini hata kidogo. Njia ya nyongo ikiziba mambo hugeuka: mkojo unakuwa wa kahawia na choo kinapauka.

Halafu kuna mkojo mweusi kama kahawa. Hapo chembe zimepasukia ndani ya mishipa yenyewe, hemoglobini imemwagika kwenye plazima (majimaji ya damu) na figo zinaipitisha. Kijiti kinasema "damu", nikiutazama mkojo huo kwa hadubini sioni chembe nyekundu hata moja. Tafadhali, msikimbilie kulaumu figo! Mimi huitazama chupa ya damu ikitoka kwenye mashine ya kuzungusha. Plazima ikiwa nyekundu, nawaza hemoglobini. Ikiwa na rangi yake ya kawaida, nawaza misuli iliyoumia, maana protini ya misuli nayo hukidanganya kijiti. Na hata plazima nyekundu siiamini mara moja. Damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba huvunjikia ndani ya chupa, potasiamu ikapanda kwa uongo. Naomba sampuli nyingine.

Visababishi vya chembe kuvunjika ni vingi: malaria, selimundu (chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu), kingamwili zinazoshambulia chembe za mwili wenyewe, kuongezewa damu isiyolingana, valvu bandia za moyo, sumu ya baadhi ya nyoka. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, anaweza kuvunjikiwa na damu kwa dawa kama primakwini (ya malaria) au dapsoni (ya ukoma).

Hicho kipimo cha G6PD ndicho kinachoninyima usingizi. Damu ikishavunjika, chembe kuukuu zenye kimeng'enya kidogo zimekufa, zimebaki changa zenye kingi, na majibu yanasoma "kawaida". Siyategemei; narudia baada ya miezi mitatu hivi. Vipimo vingine navyo vina udhaifu wake. LDH, kimeng'enya kinachomwagika chembe zikivunjika, hupanda kwa ugonjwa wa ini pia. Haptoglobini, protini inayoshika hemoglobini iliyomwagika, hushuka chembe zikivunjika, lakini ini ndilo linaloitengeneza, kwa hiyo ini bovu nalo huishusha. Kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizoshika chembe nyekundu, huweza kuwa hasi ilhali kingamwili zipo.

Tena mambo mawili yanaweza kukutana. Anayevunjikiwa na chembe kwa miaka hupata vijiwe vya nyongo vya bilirubini, kijiwe kikaziba njia, na sasa kuna tatizo la nyongo kweli, lililoanzia kwenye damu. Kwa hiyo usiniandikie "vipimo vya ini" peke yake. Omba bilirubini zote mbili (iliyoshughulikiwa na ini na ambayo bado), hesabu ya chembe changa, na damu iliyopakwa kwenye kioo niitazame kwa macho yangu.