Karatasi sita za mpiga kura wa Kwale

Wiki iliyopita, katika kikao cha kupitia hojaji ya utafiti mpya, mtu ninayemheshimu, mwenye shahada mbili na uzoefu wa miaka mingi, alipendekeza tufute swali linalomwuliza mhojiwa kwa nini alimchagua mgombea fulani. Hoja yake ilikuwa kwamba jibu tunalo tayari: Mkenya humchagua wa kabila lake au yule aliyeelekezwa na kinara wa kabila lake, na mengine yote ayasemayo ni ya kumridhisha mhoji. Nimeisikia kauli hii matangani, kwenye matatu, redioni asubuhi na katika kumbi za mikutano, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiijibu kwa upole. Safari hii nimeona niijibu kwa maandishi na kwa urefu, kwa sababu inawadhulumu watu ninaoketi nao vibarazani kuwahoji, na kwa sababu, hata tukiweka heshima ya watu kando, ni usomaji mbovu wa takwimu.

Hesabu ya kitaifa nitaipitia haraka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na Wakikuyu, ambao ni kabila kubwa kuliko yote, walikuwa milioni 8.1, yaani takriban asilimia 17. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote halali, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kwa hiyo yeyote anayeshinda kwa masharti hayo lazima awe amepigiwa kura nyingi na watu wasio wa kabila lake kuliko walio wa kabila lake. Anayeitetea kauli ile hukubali hapo, kisha hurudi nyuma hatua moja na kusema kwamba makabila hufuata vinara, na vinara ndio wanaoingia kwenye miungano.

Mwaka 2002 unampa nguvu. Wagombea wawili wakuu, Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta, walikuwa Wakikuyu wote wawili, Raila Odinga, kinara wa Waluo, akatamka "Kibaki Tosha", na wapiga kura wa Nyanza wakamfuata. Kibaki akapata takriban asilimia 62. Lakini ukifika 2007 hadithi inavunjika. Daniel arap Moi, aliyeitawala nchi kwa miaka 24, aliwataka watu wa Bonde la Ufa wamuunge mkono Kibaki, nao wakampa Raila kura zao kwa wingi na kuwaangusha wana wa Moi waliokuwa wakiwania ubunge, akiwemo Gideon Moi katika eneo la Baringo ya Kati. Wakalenjin wale wale, kabila la Moi, walikuwa wamempigia Uhuru mwaka 2002, na wakarudi kumpigia Uhuru mwaka 2013. Katika chaguzi tatu walimchagua Mkikuyu, kisha Mluo, kisha Mkikuyu. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Mlima Kenya, eneo lenye Wakikuyu wengi. Rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, mwana wa mlima, aliwaomba wamchague Raila, ambaye mgombea mwenza wake alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga; wengi mno wakamchagua William Ruto, ambaye mwenza wake alikuwa Rigathi Gachagua wa Nyeri. Hakukuwa na Mkikuyu kileleni upande wowote kati ya hizo mbili, na kila upande ulikuwa na mwenza wa kutoka mlimani. Kabila haliwezi kueleza kwa nini mizani ilielemea upande mmoja, na kinara, kama tulivyoona, alikuwa upande ulioshindwa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi hasa. Watu hutazama ramani ya kaunti iliyopakwa rangi, wakaona eneo zima limeelekea upande mmoja, kisha wakajiona wamejua lililokuwa moyoni mwa mtu mmoja mmoja. Ramani ya jumla haisemi hivyo. Watu wa eneo moja wana kabila moja mara nyingi, ni kweli, lakini pia wana bei moja ya majani chai, mnunuzi mmoja wa maziwa, barabara moja iliyokatika, hospitali moja isiyo na dawa. Hapa Pwani wana shida moja ya ardhi ambayo imewafanya watu waitwe maskwota katika mashamba waliyozikwa babu zao. Watu mia wakipiga kura upande mmoja kwa sababu wote hawana hatimiliki, ramani itapata rangi ile ile ambayo ingeipata kama wangepiga kwa sababu ya lugha ya mama. Huwezi kuzitenganisha sababu hizo mbili kwa kuitazama rangi, hata uitazame mpaka macho yaume. Lazima ushuke chini kwa mtu mwenyewe, au utafute mahali ambapo sababu hizo zimeachana zenyewe.

Mahali hapo pako, na ndiyo sababu huirudia Kwale kila mara. Mwaka 2013, 2017 na 2022 kaunti hii ilimpa Raila ushindi katika kura ya urais. Mwaka 2013 ilimchagua Salim Mvurya kuwa gavana kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila. Mvurya akahamia Jubilee, chama cha Uhuru, na mwaka 2017 kaunti iliyomkataa Uhuru ikamrudisha Mvurya ofisini. Mwaka 2022 naibu wake, Fatuma Achani, alishinda ugavana kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto, katika kaunti ambayo Ruto alishindwa, na siku hiyo hiyo kiti cha seneta kilibaki kwa Issa Juma Boy wa ODM. Hao wote walichaguliwa na watu wale wale, waliosimama kwenye foleni moja na kupewa karatasi sita kwa pamoja: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wadi.

Mkosoaji makini atasema kwamba mwaka 2022 kinyang'anyiro cha ugavana Kwale kiligawanya kura, kwani palikuwa na Hamadi Boga wa ODM na Lung'anzi Mangale wa chama cha PAA, na Achani alishinda bila kufikia nusu. Ni kweli, na mimi mwenyewe siwezi kutenganisha kwa uhakika waliovutiwa na Achani na waliogawanyika tu upande wa pili. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo jumla yenyewe inaweza kulithibitisha. Raila alipata zaidi ya nusu ya kura za Kwale. Kama kila aliyempigia Raila angempigia pia mgombea wa ODM kwenye karatasi ya gavana, Boga angeshinda kwa mbali, hata upinzani wote ungeungana dhidi yake. Hakushinda. Kwa hiyo wapo watu wengi waliochanganya, na hilo halihitaji hojaji yoyote.

Mmoja wao nilimhoji wiki chache baada ya uchaguzi huo, upande wa Msambweni. Ni mama anayekaanga viazi karai kando ya barabara, na wino ulikuwa bado umeshika kwenye ukingo wa ukucha wake. Msaidizi wangu alikuwa na tableti iliyokuwa ikiuliza sababu moja kuu ya chaguo. Mama alipanga viazi sita vibichi kwenye ubao wake, akaanza kuvisogeza kimoja kimoja. "Karatasi nyeupe ni ya Baba," akasema, akimaanisha Raila kwenye kura ya rais, "hiyo sikuifikiria mara mbili. Ya buluu nimempa Achani, kwa kuwa mwanangu yuko kidato cha tatu kwa basari ya kaunti, na akija mwingine sijui kama basari itaendelea. Ya manjano nilifuata chama, mwanangu, seneta mimi namwona wapi?" Alipofika kwa mwakilishi wadi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yule bwana alikuja mwenyewe kuchimba kaburi la mumewe, hakutuma mtu. Jina la chama chake hakulikumbuka. Alikumbuka alama tu. Msaidizi alinitazama, akaitazama tableti, akabonyeza "Nyingineyo".

Kosa hilo lilikuwa la kwangu, kwani mimi ndiye niliyeandika swali lililodai sababu moja kwa kura sita. Tangu siku hiyo naamini kwamba mpiga kura wetu huwa na swali moja kubwa, nalo ni hili: huyu akishapata kiti, nitamshika wapi? Undugu ni mpini mmoja wa kumshikia, kwa sababu mtu wa ukoo wako ana mama yake mnayefahamiana na ana kwao ambako atarudi kuzikwa. Chama ni mpini mwingine, na kazi iliyokwisha kuonekana ni mpini ulio imara zaidi. Mama wa Msambweni alikuwa na ushahidi wa mkononi kuhusu gavana, ambao ni karo iliyolipwa, na kuhusu mwakilishi wadi, ambao ni jembe kaburini. Kuhusu rais, mtu ambaye hatakutana naye maisha yake yote, ushahidi wake ulikuwa mwembamba, akategemea alichorithi na alichokisikia kwa majirani. Ndiyo maana kadiri kiti kinavyokuwa juu na mbali ndivyo kabila linavyoonekana zaidi, na kadiri kinavyokaribia kijiji ndivyo linavyofifia, hasa pale ambapo wagombea wote wa kiti cha chini ni watu wa kabila moja na hapana cha kubagua. Wanaoihukumu nchi nzima kwa kura ya urais wanaisoma karatasi moja kati ya sita, tena ile ambayo mpiga kura anaijua kidogo kuliko zote.

Kuhusu pesa nitasema machache. Tunaipima kwa jaribio la orodha: nusu ya wahojiwa husomewa mambo manne na nusu nyingine matano, la tano likiwa kupokea pesa za mgombea, kila mmoja hutaja idadi tu bila kusema ni yapi, na tofauti ya wastani wa makundi mawili hutupa kiwango. Pesa hupokelewa, tena kwa wingi kuliko watu wanavyokiri wakiulizwa waziwazi. Lakini wapokeaji huwapokea wagombea wote, na wengi wameniambia kwamba asiyetoa chochote wakati anaomba kura hatatoa chochote akishaipata. Wanaipima mikono yake, na kura inabaki kwao.

Vyama navyo vinahitaji uangalifu, kwa sababu vitabu vya nchi za nje hudhani chama ni kitu ambacho mtu hurithi kwa baba yake. Mpiga kura wa Mlima Kenya aliyeshiriki chaguzi zote alipanda NARC mwaka 2002, PNU mwaka 2007, TNA mwaka 2013, Jubilee mwaka 2017 na UDA mwaka 2022, vyama vitano katika chaguzi tano. Kwake chama ni gari la safari moja. ODM ni kisa tofauti, kwani chungwa, alama yake, lilitokana na kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2005 na limedumu; Pwani hukutana na vijana ambao mwaka ule walikuwa wachanga au hawajazaliwa, nao huniambia kwamba chungwa ni la nyumbani kwao. Kwa hao, vile vitabu vinasema kweli. Ninapoombwa kanuni moja ya Kenya nzima huwa naudhika, maana hata kaunti mbili zinazopakana hazina kanuni moja.

Yapo mambo yanayoninyima usingizi katika kazi hii. Sababu anazonipa mhojiwa zinaweza kuwa zimezaliwa baada ya uamuzi, kama mtu anayenunua kanga kwa kuipenda rangi kisha akaisifu kwa uimara. Jina la mhoji hubadilisha majibu. Mhojiwa akilisikia hukisia kabila lake, na kabla ya swali la pili ameshajua lipi ni salama kusema. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100, usalama huo si jambo dogo, na simlaumu anayejibu kwa tahadhari. Isitoshe, hojaji zetu huwasahau waliokaa nyumbani. Mwaka 2022 walijitokeza takriban asilimia 65 ya waliojiandikisha, kutoka takriban 78 mwezi Agosti 2017. Kutokwenda kituoni nako ni uamuzi, na mpaka sasa tunaupima vibaya.

Swali halikufutwa. Tulilipasua mara sita, moja kwa kila karatasi, tukaruhusu sababu zaidi ya moja, na mbele yake tukaweka jingine ambalo nilikuwa nikilitaka siku nyingi: ulikata shauri lini, na mlikuwa nani hapo? Juzi tulilijaribu Matuga. Mzee mmoja alizimaliza karatasi tano kwa utulivu, kila moja na sababu yake. Ya sita ilipofika alituomba tumpe muda, akainuka na kuingia ndani kumwuliza mkewe.