Nanga inayozikwa mchangani

Mimi ni nahodha wa boti ndogo, navusha watu kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam. Bahari ninayoijua ni ile ya bamvua: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na boti uliyoiacha ikielea asubuhi unaikuta mchana imekaa kitako. Kwa hiyo nilipokuwa Phoenix, Marekani, kwenye harusi ya binamu yangu, washikaji wakasema kuna mtu kaghairi, nafasi ipo, tunaondoka usiku huu kwenda kulala kwenye boti-nyumba jangwani, nilidhani nakwenda kupumzika.

Ziwa lenyewe ni Powell, mpakani mwa Arizona na Utah. Ni Mto Colorado uliozibwa kwa ukuta wa Glen Canyon mwaka 1963, na halikujaa mpaka 1980. Pande zote ni majabali mekundu, na chini yake mkanda mweupe unaoonyesha maji yalipokuwa yakifika kabla ya ukame.

Gatini tukapewa maelezo mafupi na funguo. Wenzangu wakanigeukia: "Kepteni, kazi kwako."

Nikakizunguka chombo. Ni pantoni lililojengewa ghorofa: jiko, friji, vitanda, hata bomba la watoto kuteleza. Chini ni bapa, hakina mkuku, ule uti wa chini wa kuuma maji. Upepo ukipiga ubavuni, ule ukuta wote ni tanga usiloweza kulitua.

Ndiyo maana nanga kule haitupwi majini. Kuta za korongo zinashuka wima, na karibu na ukuta wa bwawa, ziwa likijaa, kina ni mita 170 hivi. Amari, yaani kamba ya nanga, ya urefu gani utaipata? Unatafuta ufuo wa mchanga, unapandisha omo, mbele ya boti, taratibu, injini unaiacha isukume mbele kidogo. Wenzako wanabeba nanga nchi kavu, kushoto na kulia, wanachimba shimo na kuzizika. Kamba zinatoka tezini, nyuma ya boti, zikiwa zimetanuka kwa pembe, ili upepo ukisukuma upande huu, kamba ya upande ule ishike.

Mimi, mtoto wa pwani, niliona maji yametulia kama ya ndooni, hayajai wala hayapwi. Tukachimba mashimo ya kifundo cha mguu, tukawahi kuchoma nyama. Kwetu pepo za kusi na kaskazi zina miezi yake. Kule alasiri wingu linachungulia nyuma ya jabali na upepo umeshafika. Nanga ya kushoto iling'oka kama jino la mtoto, tezi ikaelekea mwambani. Injini ndiyo iliyotuokoa. Mashimo ya pili yalifika kiunoni.

Jenereta nayo. Ndiyo inayoendesha kiyoyozi, na kwenye boti nyingi za zamani moshi wake unatokea nyuma, palepale watu wanapoogelea. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mwaka 2000 ndugu wawili, watoto, walikufa hivyo katika ziwa hilohilo. Boti mpya zimewekewa bomba la kutolea moshi juu, yetu haikuwa nalo. Nikasema jenereta ikiwaka haogi mtu. Wakanuna, kisha tukaizima, tukapandisha magodoro darini.

Usiku nilishuka mara tatu kushika kamba. Zote zilikuwa zimekaza. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nasubiri maji yapwe.