Postikadi za kale za Wayahudi ni zipi hasa?

Wakusanyaji wakisema postikadi "za kale", kwa kawaida wanamaanisha zilizotolewa kati ya miaka ya 1890 na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Zile za Wayahudi ziko za namna mbili, na wauzaji wengi huzichanganya kapu moja.

Namna ya kwanza ni picha za "aina za watu", walizouziwa wasafiri na askari. Jina la mtu haliandikwi. Chini utasoma "Mwanamke wa Kiyahudi, Tunis", basi. Aliyewahi kuziona postikadi za zamani za Zanzibar anaujua mtindo huo. Maarufu sana ni za Salonika, mji wa bandari ulioko Ugiriki ya leo, uliokuwa chini ya Waturuki hadi 1912, wenye Wayahudi wengi wa asili ya wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Humo utawakuta mahamali wa bandarini, wazee wenye tarbushi na majuba yenye manyoya kwa ndani, na wanawake waliovaa kofya: vazi la kichwani linalozificha nywele ndani ya mkia wa kitambaa cha kijani unaoshuka mgongoni, ncha yake imetariziwa lulu ndogondogo. Usidhani mji mzima ulivaa hivyo. Vijana wengi waliosoma shule za Kifaransa walikwisha kuhamia kwenye suti na magauni ya Kizungu. Kofya ilibaki kwa bibi zao. Mpiga picha alimfuata bibi kwa sababu suti isingepata mnunuzi. Mwaka 1943 Wanazi waliwapeleka karibu Wayahudi wote wa Salonika Auschwitz, na kadi hizo za watalii zikawa ushahidi wa jamii iliyotoweka.

Namna ya pili Wayahudi walitumiana wenyewe kutakiana heri ya Rosh Hashana, mwaka wao mpya. Mimi hizi ndizo zinazonivutia. Moja ya New York inawaonyesha Wayahudi wa Urusi na mizigo yao chini ya tai mwenye vichwa viwili, nembo ya dola ya Urusi; ng'ambo ya bahari jamaa zao, waliokwisha kuvaa Kimarekani, wanawanyoshea mikono, na tai wa Marekani ameshika utepe wenye maneno ya Zaburi kuhusu kufichwa chini ya uvuli wa mbawa.

Kukisia umri, geuza kadi. Zamani upande huo ulikuwa wa anwani tu, ujumbe ukabanwa pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu kuugawa sehemu mbili, ya ujumbe na ya anwani, mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Muhuri wa posta usikudanganye: unaonyesha siku kadi ilipotumwa, na picha yenyewe huenda ilipigwa miaka mingi kabla.