Ufafanuzi: Animesheni ya vekta ikishakuwa MP4 si vekta tena

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuwa animesheni ya vekta (michoro inayohifadhiwa kama hesabu za mistari na maumbo) haipotezi ubora hata ukiikuza vipi ndani ya programu ya kuhariri video. Si kweli, na tafadhali usiusambaze. Vekta hukokotolewa upya kila inapokuzwa. Ikishatolewa kama faili ya video ya MP4 hubaki pikseli tu, yaani vidoti vya rangi vya idadi maalumu. Jaribu: weka klipu ya 1920×1080 kwenye mradi wa 3840×2160, uikuze hadi 200%. Kingo zitafifia. Watu huchanganyikiwa kwa sababu faili asilia, kwenye programu ya kuchorea, bado ni kali. Suluhisho: itoe animesheni upya kutoka kwenye faili hiyo asilia, kwa ukubwa wa mradi. Ukihitaji mandharinyuma yenye uwazi, tumia video ya aina ya ProRes 4444 au mfululizo wa picha za PNG, ambazo hubeba uwazi. MP4 ya kawaida ya H.264 (njia ya kubana video) haibebi uwazi, ndiyo maana nyuma hujaa rangi, mara nyingi nyeusi.